Betri Ifike Saa Tisa

Maisaka, Babati
12 Januari 2025

Mdogo wangu Genoveva,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na baridi ya Mbulu haijakushinda. Huku tuko hai. Mama anakusalimu. Mgongo unamsumbua kidogo, lakini bado anakwenda shambani Singe siku tatu kwa wiki, na mahindi yamefika magotini. Mbuzi wa jirani yetu Mama Leonard amezaa mapacha, na mmoja anashinda chini ya dirisha langu akilia kama vile mimi ndiye niliyemficha mama yake.

Najua novisi mnaoandaliwa kuwa masista mnaruhusiwa barua moja kwa mwezi na kwamba Sista Mlezi huisoma kwanza. Shikamoo Sista.

Nina swali la ufundi, na fundi pekee ninayemwamini amejifungia Mbulu. Ni habari ya betri. Unakumbuka zamani nilichezea gemu kwa pedi ya kubonyeza yenye waya, na siku ile waya ulilala chini ya paja langu tangu asubuhi nisihisi kitu, mpaka Mama akaukuta jioni umeshaingia kwenye nyama. Kidonda kile kilichukua miezi minne. Tangu hapo Mama hataki kuona waya kitandani. Kwa hiyo sasa natumia pedi isiyo na waya, na hedifoni isiyo na waya yenye maiki.

Siku za shamba Mama anaondoka saa moja asubuhi na kurudi saa tisa. Ananiwekea vitu vyote mkononi, vimechajiwa. Saa nne na nusu hedifoni inazimika. Saa tano pedi inafuata. Soketi iko ukutani, hatua nne kutoka kitandani. Kiti cha magurudumu kiko nje kwa sababu hakipiti mlangoni. Mama Leonard anachungulia saa sita kunisogeza, lakini mambo ya chaja hayajui na sipendi kumchelewesha. Basi nalala natazama ile taa ndogo ya pedi ikiwa imekufa, na wenzangu wanaendelea kucheza bila mimi.

Wenzangu ni vijana ninaocheza nao mpira kwenye mtandao: Modesti wa hapo Singe, Simon wa Bagara, Theophil aliyeko Dodoma. Mimi napanga mechi na kutangaza. Wananiita Kocha. Hawajui hali yangu, na sioni sababu ya kuwaambia.

Nifanyeje betri zifike saa tisa?

Kaka yako,
Teodori

Mwanangu Geno jifunike vizuri usiku. Mama yako.


Mbulu
2 Februari 2025

Kaka Teo,

Shikamoo. Milele amina. Barua yako ilikaa wiki mbili mezani kwa Sista Mlezi, kisha akaniita ofisini, uso umekunjamana. Akaniuliza, "Genoveva, kaka yako anakuandikia mambo ya pedi. Ni mtu wa namna gani?" Ilibidi nimchoree kwenye karatasi kwamba si zile anazozijua yeye. Alicheka mpaka akavua miwani. Sijawahi kumwona hivyo.

Mimi ni mzima. Tunaamka saa kumi na moja, tunasali, tunalima, tunasoma. Nimepewa kazi ya bustani ya kabichi. Umeme wa jengo ukikorofisha wananiita, lakini kwa kawaida anaitwa fundi kutoka mjini, kwa sababu novisi anatakiwa ajifunze kwanza kutokuwa fundi. Mwambie Mama asibebe ndoo kubwa.

Sasa betri zako. Kwanza niambie kweli: huwa zinachajiwa usiku kucha juu ya blanketi? Kama ndivyo, acha. Betri ya aina hiyo adui yake ni joto. Mama azichaji jioni juu ya meza, zikijaa azichomoe. Na usingoje zife kabisa ndipo zichajiwe. Zikibaki asilimia ishirini, zipumzishe. Kila ukizimaliza mpaka sifuri unazipunguzia umri. Na zisikae dirishani jua likipiga.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya mashine ya gemu. Taa ya pedi ishushe mpaka mwisho, maana inakula bure. Kispika cha ndani ya pedi kizime. Weka pedi ijizime yenyewe ikikaa dakika kumi bila kuguswa. Hedifoni ina taa za urembo ubavuni, zizime, huzioni hata hivyo ukiwa umeivaa. Punguza sauti. Mashine yenyewe Mama aisogeze karibu na kitanda, isikae nyuma ya kabati, kwa sababu mawimbi yakihangaika kupenya, betri ndiyo inayolipia. Na mtetemo, ule mtikisiko wa pedi mchezaji anapogongwa, uzime. Huo ndio unaokula kuliko vyote.

Kitu kimoja zaidi. Ukiona pedi imevimba au mfuniko umeanza kuachia, usiitumie na usiruhusu mtu aitoboe. Ile betri ikitobolewa inaweza kushika moto, na wewe huwezi kukimbia.

Nimeiandika sentensi hiyo ya mwisho na kuitazama muda mrefu. Nisamehe. Naiacha kwa sababu ni kweli.

Mdogo wako,
Genoveva


Maisaka, Babati
23 Februari 2025

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa watu wote wa nyumba hii, yaani Mama, mimi, na yule mwana mbuzi ambaye sasa tumeshampa jina lakini sikwambii. Mvua imeanza kutishia. Mama amepalilia robo tatu ya shamba. Mwenyewe anaandika mstari wake chini kama kawaida.

Geno, imefika saa tisa. Alhamisi nilivaa hedifoni saa moja na dakika kumi, na Mama alipofungua mlango saa tisa na robo nilikuwa bado natangaza. Pedi ilibaki na asilimia kumi na nane. Nilimwonyesha akadhani nimeshinda kitu.

Nimefanya yote uliyosema isipokuwa moja. Mtetemo sikuuzima. Niliuzima siku moja, betri ikadumu hata zaidi, lakini jioni nikaurudisha. Sijui kama nitaeleza vizuri. Mwilini mwangu ni vitu vichache vinavyonigusa mimi nikajua vimenigusa. Mchezaji wangu akigongwa, kiganja kinajua. Hilo niachie.

Unajua ni nini kilichobadilika? Zamani saa nne na nusu ilikuwa inanijia kama mtu anayetembea polepole kuelekea mlangoni. Hata wakati betri imejaa nilikuwa naiwaza. Sasa nasahau. Hedifoni hii inaziba masikio kabisa, ukiivaa hakuna Maisaka, hakuna bati linalolia jua likipanda, hakuna kitanda. Kuna watu ishirini na wawili wanakimbia na mimi ndiye ninayewaona wote.

Simon ananisumbua tuonane karibu na stendi, kuna chumba cha gemu kimefunguliwa. Nimemwambia nina kazi nyingi.

Najua Kwaresima hamwandiki. Basi tutaonana kwenye karatasi baada ya Pasaka. Niombee kidogo, lakini usijichoshe.

Teodori

Mwanangu Geno kula vizuri. Mama yako.


Mbulu
24 Aprili 2025

Kaka Teo,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Bwana amefufuka. Tuliimba mkesha mpaka sauti zikatuishia, na mimi nilipewa kuwasha taa zote za kanisa kwa wakati mmoja, kwa hiyo kwa dakika moja nilikuwa fundi tena.

Siku arobaini bila neno la nyumbani ni nyingi. Barua yako ya Februari nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nilifurahi kuhusu saa tisa. Mtetemo nakuachia.

Habari ya huku ni kwamba tumetajwa majina. Tuko saba, na tarehe 15 Agosti tutaweka nadhiri za kwanza. Mzazi anaruhusiwa kuja. Mwambie Mama aanze kujiandaa mapema, na kitenge asinunue kipya, kile cha bluu kinatosha.

Mwezi wa tatu niliota nyumbani mara tatu. Nilikuwa nabisha hodi na hakuna anayeitika. Ni uchovu wa kufunga tu. Mama hajambo? Amepata mtu wa kumsaidia kuvuna?

Genoveva


Maisaka, Babati
10 Mei 2025

Mdogo wangu,

Amefufuka kweli, na pongezi kwa kutajwa.

Sisi tupo. Mvua zilikuwa nyingi mwaka huu, ziwa limejaa na barabara ya Singe ilikatika siku kadhaa. Mahindi watu wanasema yatakuwa mazuri. Yule mwana mbuzi aliuzwa.

Betri zinadumu vizuri, asante. Sichezi sana siku hizi, na nikicheza navaa sikio moja tu. Jingine naliacha wazi.

Mama amepata ujumbe wa Agosti. Amefurahi. Barua hii anaipeleka Mama Leonard parokiani.

Kaka yako,
Teodori


Mbulu
1 Juni 2025

Kaka Teo,

Shikamoo. Nimeuliza ruhusa ya kuandika nje ya zamu na Sista Mlezi ameniruhusu, kwa hiyo salamu zangu leo ni fupi: mimi mzima, kabichi nzima, Mbulu nzima.

Barua yako ina mistari tisa. Nimeihesabu. Mstari wa Mama chini haupo, na tangu nije huku haujawahi kukosekana hata mara moja, hata ile barua aliyoandika akiwa na malaria. Mama Leonard ndiye aliyeipeleka parokiani, wakati Mama ndiye anayependa kuipeleka mwenyewe ili apate kupiga soga na katekista. Hukunijibu kuhusu mavuno. Na mtu aliyelilia hedifoni ifike saa tisa, imefika, sasa anaivaa sikio moja. Kwa nini sikio moja, kaka?

Mimi si mtoto. Kama Mama amekufa niambie.

Genoveva


Maisaka, Babati
15 Juni 2025

Mdogo wangu Genoveva,

Mama hajafa. Naanza na hilo ili upumue. Yuko chumba cha pili, hivi sasa namsikia anabishana na mama mdogo Elineema kuhusu chumvi. Alinikataza kukuandikia. Alisema, "Ukimwambia, ataacha kila kitu aje, na mimi sitaki mtoto wa pili alale kwa ajili ya nyumba hii." Nimemtii miezi mitatu. Leo simtii.

Ilikuwa tarehe 13 Machi, Alhamisi, siku ya shamba. Aliniwekea hedifoni na pedi, chai kwenye thamosi, akasema anakwenda. Nikavaa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na yale mawe nyuma ya jiko la nje yalikuwa na utelezi. Alikwenda kuchukua jembe. Akaanguka, akavunjika nyonga.

Geno, hakufika hata barabarani. Alikuwa hatua kumi kutoka dirisha langu. Simu yake ilikuwa ndani. Mama Leonard hakuchungulia saa sita kwa sababu alikuwa msibani Bonga. Mimi nilikuwa natangaza mechi. Nilijua Mama yuko Singe, ndivyo nilivyojua. Betri ilikuwa imejaa, mambo yalikuwa mazuri, tulikuwa na mashindano ya timu nane.

Mama Leonard aliporudi saa saba alisikia mtu anaguna nyuma ya jiko. Mimi nilimwona anaingia chumbani kwangu mdomo umefunguka, sauti haiji, nikavua hedifoni, ndipo nikamsikia analia.

Muda wa saa sita, Geno. Alilala kwenye tope saa sita nzima. Kama ingekuwa ile betri ya zamani, saa nne na nusu ingezimika, ningesikia.

Sikulaumu. Nimeandika sentensi hiyo mara nne kwenye karatasi nyingine ili niwe na hakika kabla ya kuiweka hapa. Ulijibu swali nililouliza.

Alipasuliwa, akawekewa chuma. Sasa anasimama kwa kushika kiti, hatua tano, sita. Mama mdogo Elineema alikuja kutoka Dareda kutuhudumia wote wawili, lakini mwezi wa saba lazima arudi kwake. Baada ya hapo sijui. Agosti Mama hataweza kupanda basi la Mbulu.

Mchana nalala huku na yeye analala kule, ukuta katikati, na kila mmoja anajifanya amelala ili mwenzake asione vibaya.

Usije. Nimekwambia kwa sababu uliuliza kama amekufa. Sikukwambia ili uje.

Teodori


Mbulu
29 Juni 2025

Kaka Teo,

Shikamoo, na shikamoo Mama, mwambie nimejua. Mwambie asimgombeze mtu yeyote.

Barua hii Sista Mlezi ataisoma kabla yako. Na aisome.

Nilipomaliza barua yako nilikwenda bustanini nikalima tuta ambalo lilikuwa limeshalimwa. Betri ile niliirefusha mimi. Nilijivuna, kaka. Nilikaa kanisani nikijivuna kwamba nimekufikisha saa tisa. Sasa kila kengele ya sala ya mchana ikilia nafikiria Mama alikuwa kwenye tope wakati ule.

Nilifikiri nitaomba ruhusa, nipande basi kesho. Kisha nikagundua siwezi. Si kwamba wananizuia. Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata Mama, na wewe hasa.

Oktoba 2022, ulipoletwa hospitali baada ya ajali ya pikipiki, usiku wa pili daktari alituambia tusitegemee asubuhi. Mama alikuwa amekaa chini korido. Mimi nilikuwa na sare ya chuo cha ufundi VETA bado, nimetoka kwenye mafunzo moja kwa moja. Niliingia kwenye kikanisa cha hospitali nikasema: Bwana, mwache aishi, nami nitakuwa mtawa. Nilisema kwa sauti. Asubuhi ulifungua macho.

Watu walidhani nimepata wito. Padre alifurahi. Mama alilia kwa furaha na kwa huzuni. Mimi nilinyamaza, kwa sababu ulikuwa hai, na nani angethubutu kulalamika?

Hapa ni pazuri. Masista ni watu wema. Lakini kila asubuhi navaa gauni hili na kusema moyoni, ni kwa ajili ya Teo. Si kwa ajili ya Mungu. Mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikimdanganya usoni, nyumbani mwake. Na nikitoka naogopa atachukua alichonipa. Uliposema kwamba kidonda kilichukua miezi minne, nilijua ni kwa sababu wiki ile ulipoumia nilifungasha nguo zangu, nikazifungua tena.

Ndiyo maana siwezi kuja. Nikija kumhudumia Mama, nitakuwa nimetoka, na nikitoka utakufa. Najua mtu mwenye akili haandiki hivyo. Nimeandika.

Genoveva


Maisaka, Babati
20 Julai 2025

Genoveva,

Nimeandika barua tatu kabla ya hii. Ya kwanza ilikuwa ya matusi, nikamwambia mama mdogo aiwashie moto jikoni. Ya pili ilikuwa ya machozi, nayo ikaenda huko huko. Ya tatu sikuimaliza.

Hukuniuliza. Nianzie hapo. Nilikuwa nimelala na mipira puani, sawa, usingeweza kuniuliza usiku ule. Lakini nilifungua macho asubuhi, na ukawa na miaka miwili na zaidi ya kuniambia. Mwaka ule wa kwanza, kuna siku nilimwomba Mungu anichukue. Unajua hilo, ulikuwepo. Ulikaa pale kwenye kigoda unanisikiliza naomba kufa, na hukusema kwamba wewe umeshajitoa ili niishi. Mimi nililala hapa nikidhani angalau mmoja wetu ametoka kwenye nyumba hii. Kumbe ulitoka chumba hiki ukaingia kingine.

Kidonda kilichukua miezi minne kwa sababu ni kidonda cha mtu ambaye damu yake haitembei vizuri miguuni. Nesi alinieleza. Nguo zako hazihusiki.

Sasa nikuambie mambo mawili yaliyotokea.

La kwanza. Tarehe 28 Juni, Jumamosi, nilivaa hedifoni, sikio moja, na kabla mechi haijaanza niliwaambia wale vijana. Nilisema, jina langu ni Teodori, sijasimama tangu Oktoba 2022, sikuja stendi kwa sababu siwezi kutoka mlangoni, na mama yangu alivunjika nyuma ya nyumba nikiwa natangaza mechi yenu. Nilidhani mtandao umekatika. Kisha Simon akauliza, "Kocha, Maisaka sehemu gani?"

Jumapili walikuja wawili, Simon na Modesti. Modesti ni mtu mfupi mwenye sauti nzito, nilikuwa nimemchora kichwani kinyume kabisa. Walisimama mlangoni hawajui waweke wapi mikono. Mama Leonard akawaambia, "Mnaweza kutazama, au mnaweza kujifunza kumgeuza." Wakajifunza. Tangu mama mdogo arudi Dareda, Modesti anakuja asubuhi kabla ya kazi yake ya bodaboda, Simon anakuja saa sita na jioni. Theophil yuko Dodoma, hawezi kumgeuza mtu kwa mbali, kwa hiyo yeye ndiye anayepiga simu kuuliza kama waliopangwa wamekuja, na ni mkali kuliko wote. Wiki iliyopita walileta fundi wakapanua mlango. Juzi nilikaa kwenye kiti cha magurudumu nje, karibu na ndoo za Mama Leonard, kama saa nzima. Jua lilinichoma nikakataa kurudi ndani.

Sikudanganyi kwamba mambo yamekwisha. Siku mbili walichelewa na nikalala kwenye mkojo. Mama analia akidhani sisikii. Lakini zamu ipo. Huji hapa kunigeuza. Umesikia?

La pili. Nilimsomea Mama barua yako. Yote. Akasema, "Na mimi nina langu nimeficha."

Nikamwambia aseme. Akasema, "Siku ile niliita mara tatu tu."

Nilimwambia, Mama, ulilala pale saa sita nzima.

Akasema, "Niliita mara tatu. Halafu nikakusikia unacheka. Huko ndani, na wale watu wako. Ulicheka sana, mpaka ukakohoa. Tangu pikipiki ile sikuwa nimekusikia ukicheka. Nikasema, ngoja kwanza acheke. Mama Leonard atakuja. Nikanyamaza."

Geno, mimi miezi minne nimelala nikijua kwamba mama yangu aliita kwa saa sita nzima na sikumsikia. Kumbe alilala kwenye tope ananisikiliza.

Nilimkasirikia kama nilivyokukasirikia wewe. Nyinyi wanawake wawili, mmoja kwenye kikanisa na mwingine nyuma ya jiko, mmeamua mambo yangu bila kuniuliza, kwa upendo, na upendo wenyewe ulikuwa unanikaba shingo. Kisha nikafikiri kwamba na mimi nilifanya vivyo hivyo: nilikuficha habari ya Mama, nikawaficha wenzangu hali yangu mwenyewe.

Sikwambii utoke. Ukitaka kuwa sista, kuwa sista, nitafurahi, na Simon anasema watanikodia gari tuje Agosti. Lakini usiwe kwa ajili yangu. Mimi nakukatalia. Kama unahitaji mtu wa kukufungua, mimi ndiye uliyeahidi kwa jina langu, na mimi nakufungua.

Kaka yako,
Teodori

Mwanangu Geno hata mimi nimekuruhusu. Fanya unavyotaka wewe. Mama yako.


Mbulu
6 Agosti 2025

Kaka Teo,

Shikamoo. Shikamoo Mama. Wasalimie Simon na Modesti ambao siwajui, na yule mkali wa Dodoma.

Barua yako Sista Mlezi aliniletea mwenyewe bustanini. Alikuwa ameisoma. Alikaa kwenye ukingo wa tuta na gauni lake jeupe, jambo ambalo halifanyi, akasema, "Genoveva, nitakuuliza swali moja, na usinijibu leo. Kama kaka yako angekuwa anatembea, ungekuwa hapa?"

Nilichukua siku tatu. Siku ya kwanza nilitafuta namna ya kusema ndiyo. Siku ya pili nilitafuta namna ya kutosema chochote. Nilikuogopea sana usiku wa siku hizo, kaka. Nilikuwa naamka kusikiliza kama kuna simu inalia ofisini. Haikulia.

Siku ya tatu ilikuwa Jumatatu. Nilimkuta Sista Mlezi anahesabu mashuka. Nikasema, "Hapana, Sista. Nisingekuwa hapa."

Akaweka shuka chini. Akasema kwamba ahadi iliyotolewa kwa woga Mungu haishikilii kama mgambo anavyoshikilia kitambulisho, na kwamba ataongea na Mama Mkuu. Akasema pia kuna watakaosema maneno, parokiani na hata humu, na nijiandae. Wenzangu sita wameshaambiwa. Wawili hawanisalimu. Mmoja alinikumbatia nyuma ya jiko, akaniuliza nilifanyaje.

Nitapanda basi Jumamosi. Nitafika Babati mchana, na mtu asije kunipokea. Nitakaa nanyi mpaka Mama atembee mpaka barabarani peke yake. Nakuja kama dada yako. Zamu za Modesti na Simon zibaki kama zilivyo, sitaki kuzivunja halafu niondoke. Januari narudi VETA kumaliza mwaka wangu wa mwisho, wakinipokea.

Naogopa bado. Sitaki udhani nimekuwa jasiri. Nikiona gari la wagonjwa barabarani sijui moyo wangu utafanya nini.

Lakini nikuambie jinsi ilivyokuwa. Nilipotamka neno lile, hapana, pale kwenye chumba cha mashuka, nilifumba macho. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba kitu kitatokea. Nilisubiri. Nilisikia Sista Mlezi anapumua, na mtu anafagia nje.

Kisha ikagongwa kengele ya chakula cha mchana, na sote wawili tukaenda kula. Nilikula sahani mbili.

Mdogo wako,
Genoveva